Mashimo ya maji machafu: maandalizi ya Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Jumamosi tunaanza saa 2 asubuhi kuchimba mashimo ya kunyonya maji machafu ya jikoni. Kila kaya iwe na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, bomba la inchi 2, tii moja (kiungo cha bomba chenye umbo la T), mawe na kokoto zilizooshwa.

Kabla ya kuchimba, pima udongo. Toboa kishimo cha sentimita 30, jaza maji, yaache yanyonywe, kisha jaza tena. Yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu kwa saa nzima, hapo ni udongo wa mfinyanzi, hamia pengine. Umbali wa kisima ni mita 30 au zaidi, na shimo liwe upande wa bondeni.

Shimo: upana mita 1, kina mita 1.5. Mkikuta unyevu chini, simamisheni.

Ndoo ndiyo roho ya kazi hii: maji yanapita humo kwanza, mafuta yabaki juu, ndipo yaende shimoni kwenye mawe na kokoto. Kwetu Kigoma tunapikia mawese, na yakipoa yanaganda. Yakifika kwenye kokoto yanaziba kila upenyo, na shimo halinyonyi tena. Bomba la kutoa lifungwe tii ndani ya ndoo: mdomo wa chini uzame katikati ya maji, wa juu ubaki wazi. Kiwiko (kiungo cha kona) hakifai, maana hakina pa kuvutia hewa, kinaweza kunyonya maji mpaka utando wa mafuta utoke nao. Utando huo uchotwe kila wiki, ufukiwe.

Maji ya kukamulia mawese yasiingie humu kabisa, ni mazito mno. Ya choo vilevile.

Mwenye sururu ya ziada aandike hapa.