Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Wazee wetu na kamera ya mfereji wa nyongo

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni muuguzi wa chumba cha endoskopi, ambako kamera hupitishwa ndani ya mwili wa mgonjwa. Mgonjwa akishalazwa na kuchomwa dawa ya usingizi, mahali pangu ni kichwani pake. Nakuandikia kwa sababu ya bibi mmoja wa miaka 91, na wengine wengi wa rika lake waliopita mikononi mwangu.

Bibi huyo aliletwa akiwa na macho ya manjano. Kwa siku kadhaa alikuwa amesusa chakula na anaongea na watu waliokufa zamani, na nyumbani wakasema ni uzee tu. Hakuwa na homa hata kidogo. Kumbe kijiwe kilikuwa kimeziba mfereji wa nyongo, na nyuma yake usaha umejaa. Wazee wengi huja hivyo hivyo, mwili umechoka hata kupiga kelele, na ugonjwa unapotambuliwa tayari umeshaingia kwenye damu.

Daktari alipitisha kamera kinywani hadi mwanzo wa utumbo mdogo, akalitafuta tundu ambalo nyongo hutokea. Pembeni ya tundu hilo kulikuwa na kijifuko kilichochomoza kwenye ukuta wa utumbo. Vijifuko hivyo huongezeka kadiri umri unavyosonga, na hulivuta tundu mahali ambapo waya hauliingii kirahisi. Dakika zikaenda. Kwenye skrini niliona oksijeni ikishuka: 96, 91, 83. Nikamnyanyua taya, nikamvuta mate kooni, nikaongeza hewa. Ngozi ya kidevu chake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba vidole vyangu viliacha alama.

Hakukuwa na mtaalamu wa usingizi chumbani. Dozi ilikuwa ikiamriwa na daktari yuleyule aliyeshika kamera, macho yake yakiwa kwenye picha ya utumbo. Bibi alivuka salama. Lakini alivuka kwa bahati, na mimi siwezi kuendelea kuitegemea bahati kila wiki.

Madhara yanayotajwa sana katika tiba hii ni kuvimba kwa kongosho, ambako huwapata takriban wagonjwa 3 hadi 10 katika kila 100. Kwa wazee sana, hatari hiyo mara nyingi huwa ndogo kuliko kwa vijana, maana kongosho lenyewe limeshasinyaa. Kinachowaangusha wao ni moyo na mapafu: pumzi kukatika chini ya dawa, matapishi kuingia mapafuni, mapigo kuvurugika. Halafu kuna damu. Ili kijiwe kitoke, mara nyingi tundu hukatwa kidogo, na wengi wao wanameza dawa za kuzuia damu kuganda. Ukizisimamisha unaogopa kiharusi, usipozisimamisha unaogopa kidonda kisichokauka. Uamuzi huo unahitaji daktari wa moyo na daktari wa endoskopi wakae pamoja kabla, wala si simu ya haraka mgonjwa akiwa tayari kitandani.

Tafadhali usinielewe vibaya. Siombi wazee wanyimwe tiba hii. Upasuaji wa kufungua tumbo kwa kawaida ni mzigo mkubwa zaidi kwao, na mfereji uliooza ukiachwa huua. Mwongozo wa Tokyo wa mwaka 2018, wa madaktari kuhusu maambukizi ya mfereji wa nyongo, unaufanya umri wa miaka 75 na kuendelea kuwa mojawapo ya vigezo vya kupima uzito wa maambukizi haya. Yaani umri ni sababu ya kuharakisha. Inaniuma ninaposikia ukisemwa kama sababu ya kuahirisha: "Ana miaka 90, tungoje tuone." Tunachopaswa kuacha ni kuingiza kamera hii kwa kuchungulia tu, wakati kipimo cha MRI kinaweza kuuonyesha mfereji bila kumgusa mgonjwa.

Kuna jambo jingine, nalo halionekani kwenye skrini. Mzee akiwa dhaifu na vijiwe ni vikubwa, busara mara nyingi ni kuweka mrija mdogo wa plastiki ili nyongo ipite, kisha kumaliza haraka. Mrija huo huziba. Kwa kawaida huhitaji kubadilishwa ndani ya miezi michache. Lakini tarehe ya kurudi huandikwa kwenye karatasi, karatasi inakaa droo ya mtoto aliyemleta, mtoto anahama, na mzee anarudi kwetu mwaka unaofuata akitetemeka kwa baridi, hajui hata kwamba ana mrija mwilini.

Hajui kwa sababu mara nyingi hakuambiwa. Fomu ya ridhaa husainiwa na mwanawe kwenye korido, ilhali mwenyewe yuko ndani, ana akili timamu na ana maswali.

Kwa hiyo naomba waraka wako. Mgonjwa mzee sana asichomwe dawa ya usingizi bila mtu wa usingizi asiye na kazi nyingine chumbani. Kila hospitali inayoweka mirija iwe na daftari lake na mtu wa kupiga simu tarehe ikikaribia. Na mzee anayeweza kujibu aulizwe yeye kwanza. La daftari na la ridhaa yanaweza kuanza hata wiki hii. La mtu wa usingizi linahitaji bajeti, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie wewe.

Wako katika kazi,
Muuguzi, chumba cha endoskopi