Video ya kiharusi ianze na salamu ya Kigogo, "mbukwenyi"

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Majengo hapa Dodoma. Mwaka juzi, wakati watu wanapanda uwele, mama yangu kule Mvumi alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Siku ya kuruhusiwa tulipewa bahasha tatu: dawa ya presha, ya kuzuia damu kuganda na ya mafuta kwenye damu. Juu yake wameandika kwa kalamu, mbili 1x1, yaani kidonge kimoja mara moja kwa siku, na moja 1x2, kimoja mara mbili kwa siku. Mama hajui kusoma. Ile ya 1x2 alikuwa anameza vyote viwili asubuhi, amalizane navyo.

Mwezi wa tatu mkono ukaanza kushika kikombe. Akasema amepona, vidonge vilivyobaki akampa jirani yake mwenye presha. Mimi niko mjini nakimbizana na sare za shule, sikujua lolote. Kiharusi kikarudi. Sasa hata jina langu analitamka kwa shida.

Msiniambie hakuelimishwa. Kliniki tuliyokuwa tunahudhuria ina televisheni, na video ya kiharusi ipo. Kijana wa koti jeupe amesimama jikoni, nyuma yake friji na bakuli la matofaa, anahimiza "matumizi sahihi ya dawa" kwa Kiswahili cha mbio. Mama aliitazama mpaka mwisho, akanigeukia na kuniuliza kwa Kigogo: "Huyu anauza nini?"

Binti yangu anasomea uuguzi. Ananiambia kule Karachi, Pakistan, madaktari wa Chuo Kikuu cha Aga Khan walitengeneza video fupi za dakika tano hivi kwa Kiurdu, wakawaonyesha wagonjwa pamoja na wanaowauguza. Hilo la wanaouguza ndilo lililonigusa, maana nyumbani kwetu anayejua dawa ziko wapi ni mjukuu wa miaka kumi na miwili.

Basi na sisi tutengenezewe. Akae bibi kwenye kigoda, aanze na "mbukwenyi", aongee Kigogo. Ashike bahasha karibu na kamera aonyeshe kwamba 1x2 ni kimoja asubuhi, kimoja jioni. Aseme presha haina kelele, unaweza kujisikia mzima nayo iko juu, na kwamba imeshuka kwa sababu dawa bado unameza. Aguse na magadi ya kwenye mlenda! Kila siku tunaambiwa tupunguze chumvi, magadi hayatajwi, na yenyewe yana sodiamu, madini yale yale ya kwenye chumvi. Wanaosema mgonjwa amerogwa nao wajibiwe kwa upole, wasichekwe, kwa sababu ndio hao hao wanaompikia.

Ikikamilika iwekwe kliniki, na sisi tutumiwe kwa WhatsApp.

Mama amekubali kuwa wa kwanza kurekodiwa. Kusema hasemi vizuri, ila bahasha atashika. Kitenge cha siku hiyo nimeshamshonea.

Fundi cherehani,
Majengo, Dodoma