Risala ya Klabu ya Katuni za Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Moshi

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wahitimu, itifaki imezingatiwa.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kuketi nasi. Tunajua ratiba yako inabana, kwa hiyo historia tutaipitia haraka. Klabu ilianzishwa na wanafunzi waliokuwa wakiadhibiwa kwa kuchora walimu, hadi mwalimu wa fizikia alipowaambia wawachore na wanasayansi. Kazi hii ni kongwe. London mwaka 1802, James Gillray aliwachora watu waliochanjwa ndui kwa chanjo ya Edward Jenner wakichipua ng'ombe mikononi na usoni. Chanjo ilishinda, na katuni bado inachekesha.

Mafanikio yetu ni makubwa. Katuni yetu imefika kimataifa, kwani mtalii mmoja aliyeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka aliipiga picha. Inamhusu Erasto Mpemba, aliyebaini mwaka 1963, akiwa sekondari ya Magamba, kwamba mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ungali moto uliganda kabla ya uliopoa. Darasa lilimcheka. Mwaka 1969 utafiti wake na mwanafizikia Denis Osborne ulichapishwa, Mpemba akisoma hapa jirani, Chuo cha Wanyamapori Mweka. Kwenye katuni, aiskrimu inasema: "Endeleeni kucheka, mimi nimeshaganda."

Ndugu Mgeni Rasmi, tuje kwenye lenyewe.

Maabara yetu ilijengwa kwa michango ya wazazi hadi kwenye linta, ikaishia hapo. Bureti, ule mrija wa kupimia vimiminika maabara, tunaichora kwa kuiga kitabuni. Mwenzetu mmoja aliichora juu chini, na hakuna aliyeshtuka mpaka mwalimu alipoangua kicheko. Kichekesho hicho hatukukikusudia. Kuta hizo zisizo na paa ndizo ubao wetu wa maonyesho, na tunachora kwa mkaa. Masika yaliyopita yalimnyoa Galileo ndevu zote, na kwa Newton likabaki tofaa tu.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, kwa moyo mkunjufu na kipaza sauti mkononi, aliahidi mabati yote. Tulimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Wa mwaka jana akaahidi kumkumbusha wa mwaka juzi. Hatulalamiki, mabati ni mazito na safari ni ndefu. Ile katuni iliyo mbele yako, ya bati linalopanda mlima mgongoni mwa konokono, haimlengi mtu yeyote.

Kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba mabati 70 ya geji 28, mbao na misumari. Ukijaliwa nusu, tutaipokea nusu iliyofika kwa vigelegele kuliko yote yaliyo njiani. Fundi yupo, yule wa kofia ya bluu aliyeketi nyuma, na vipimo anavyo mfukoni. Mhasibu naye amekuja na kitabu cha risiti. Kalamu tumeijaribu asubuhi, inaandika.

Tunaomba kuwasilisha.