Barua kwa Mwanangu: Kabla Hujaiacha Meza ya Fundi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sote hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana, anasema ule vizuri. Barua yako nimeipata. Unaniambia umechoka kukaa kwa fundi ukikunja pindo na kufumua mishono, na kwamba mbunifu wa mavazi kazi yake ni kushika kalamu na kuchora. Unataka nikulipie ada ya chuo mwezi wa kwanza uondoke hapo. Nitakujibu. Ila kwanza nikusimulie habari za mbunifu mmoja wa mavazi, Mhispania, Cristóbal Balenciaga. Jina lake unalijua, siku hizi limejaa kwenye raba na fulana za vijana. Mwenyewe sidhani kama unamjua.

Alizaliwa Januari 1895 huko Getaria, mji mdogo wa wavuvi katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, José, alikuwa mtu wa bahari, akafariki mtoto akiwa na miaka 11. Mama yake, Martina Eizaguirre, alikuwa mshonaji, na sindano yake ndiyo iliyowalea. Miongoni mwa wateja wa Martina alikuwepo bibi mmoja wa ukoo mkubwa, marquesa (cheo cha kikabaila cha Hispania) wa Casa Torres, aliyekuwa akija Getaria wakati wa kiangazi na makabati yaliyojaa nguo za Paris. Inasimuliwa kwamba kijana alimwomba bibi huyo ruhusa ya kuiga vazi lake moja, akakubaliwa. Hakuwa na kitu ila macho na kile alichofundishwa na mama yake.

Akiwa na miaka 12 alipelekwa San Sebastián kujifunza ushonaji. Hapo nataka utulie, mwanangu. Alianzia chini kabisa, akapita mikononi mwa mafundi mpaka bega la koti, kola na bitana vikamkaa vidoleni. Alipofungua duka lake mwenyewe, mwaka 1917, hakuna hatua ya ushonaji ambayo ilibidi amtegemee mtu. Baadaye akafungua Madrid na Barcelona pia. Maduka yake ya Hispania aliyaita Eisa, kifupi cha Eizaguirre, jina la ukoo wa mama yake. Mimi niliyekulea kwa cherehani, jambo hilo limenigusa kuliko sifa zake nyingine zote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania mwaka 1936, biashara yake ilisimama. Akaenda Paris, na mwaka 1937, akiwa na miaka 42, akaonyesha mavazi yake ya kwanza pale Avenue George V, namba 10. Wewe una miaka 20 unaniambia umechelewa!

Sasa nikuambie kilichonifanya nimpende. Ni mikono ya nguo. Wewe mwenyewe unajua mkono unavyotesa: ukikata kwapa chini mno, mtu akiinua mkono koti zima linapanda; ukikata juu mno, linambana. Balenciaga hakuwahi kuridhika na mikono. Aliifumua, akaipachika upya, akaifumua tena, hata kwenye nguo ambayo wengine wote waliona imekamilika. Mkono wake uliuruhusu mwili kutembea huku koti likitulia mahali pake. Ile kazi ya kufumua unayoniandikia kana kwamba ni adhabu, yeye aliifanya mpaka uzeeni, akiwa tajiri, na wafanyakazi chungu nzima wa kumfanyia.

Na kuhusu kalamu: michoro ya mavazi yake mara nyingi ilichorwa na wasaidizi. Yeye alianza na kitambaa. Alikiangalia kinavyoanguka, kizito au chepesi, ndipo akaamua kiwe nini. Mwaka 1958 Gustav Zumsteg wa kampuni ya Abraham ya Uswisi alimtengenezea hariri ngumu iitwayo gazari, inayosimama yenyewe bila kushikiliwa. Katafute picha ya gauni lake la harusi la mwaka 1967, la hariri hiyo. Mishono yake ni michache mno, na halina urembo hata mmoja. Mimi nimelitazama muda mrefu nikijaribu kufuata alivyolikata.

Kuna jambo lingine wanaolipenda jina lake hawalisemi sana. Mwaka 1947 Christian Dior, mbunifu mwenzake wa Paris, alirudisha kiuno chembamba cha kubanwa, na dunia nzima ikamfuata. Balenciaga akaenda njia yake. Mwaka 1951 alileta suti inayoushika mwili mbele kidogo tu na kuachia nafasi mgongoni. Mwaka 1957 akaleta gauni lisilo na kiuno kabisa, watu wakaliita gunia, na wengi wakalichukia. Lakini wateja wake wengi walikuwa wanawake watu wazima, wenye matumbo ya uzazi na mabega yaliyoinama, na katika nguo zake walisimama vizuri wakapumua. Kola aliisogeza nyuma kidogo ili shingo ionekane ndefu. Mikono aliifupisha ili kifundo cha mkono na bangili vionekane. Hiyo ni heshima kwa mwili wa mtu, na naomba uifikirie kila mama mnene anapokuja hapo dukani mkaanza kunong'onezana.

Coco Chanel, mbunifu mwingine maarufu wa Paris, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu wenzake, alisema Balenciaga peke yake ndiye aliyeweza kubuni, kukata, kuunganisha na kushona nguo kwa mikono yake mwenyewe. André Courrèges na Emanuel Ungaro, ambao baadaye walijipatia majina makubwa, walipitia kwake kwanza, miaka kadhaa kila mmoja. Fabiola, binti wa Kihispania, alipoolewa na mfalme wa Ubelgiji Desemba 1960, gauni lake lilitoka kwa Balenciaga, na bibi harusi huyo alikuwa wa ukoo wa yule yule marquesa wa Getaria.

Mwaka 1968 alifunga kila kitu. Nguo za kiwandani zilikuwa zimeshika soko, naye hakutaka kuigeuza kazi yake. Alifariki Machi 1972 akazikwa Getaria, na tangu 2011 mji huo una jumba la makumbusho la kazi zake. Raba unazoziona mjini ni kazi ya watu waliokuja baadaye.

Sasa jibu lako. Chuo ni kitu kizuri na ada nitalipa, nimeshaanza kuiweka. Lakini si mwezi wa kwanza. Kaa kwa fundi mpaka uweze kukata koti la mwanamke, ulitie bitana na kupachika mikono yote miwili bila mtu kukushikia. Mvalishe mwenzako, umpige picha mbele, nyuma na ubavuni, kisha ainue mkono juu umpige tena. Nitumie hizo picha. Nikiona koti limetulia, siku hiyo hiyo nakwenda benki.

Msalimie fundi wako, mwambie namshukuru.

Ni mimi mama yako.