Barua kwa Mwanangu: Kile Kishindo cha Jana

Mwanangu,

Habari za kutua kwako Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, nimezipata kwa kaka yako, si kwako. Kwamba ndege iligonga lami, ikaruka, ikarudi chini kwa gurudumu la mbele. Ukaiegesha, ukafunga mlango, ukaenda zako.

Kutua vibaya sikugombezi. Ulitoka Ukunda, usawa wa bahari, ukafika mchana wa jua kali kwenye uwanja ulio zaidi ya futi 5,500 juu. Hewa huko nyepesi, na joto huipunguza zaidi. Kipima kasi kinakuonyesha 65 ile ile ya pwani, kumbe ardhini unapita 70. Jicho linakwambia unakimbia mno, unanyanyua pua mapema, ndege inaishiwa pumzi ingali hewani. Wakongwe yamewakuta. Iliporuka, ungetia nguvu zote upae, uzunguke, uanze upya; kusukuma usukani mbele ndiko kulikoliangusha gurudumu lile. Lakini hayo ni ya mwalimu wako. Mimi fundi.

Swali langu ni moja: umeandika kwenye daftari la ndege?

Gurudumu la mbele la ndege ndogo kama hiyo yenu, Cessna 172, limeshikiliwa na ule ukuta wa bati unaotenga injini na miguu yenu. Tairi laweza kuonekana zima kabisa, na bati limekunjamana mahali usipopaona mpaka ufungue kifuniko cha injini. Niliwahi kuletewa ndege ya mtu binafsi, eti kubadilisha oili tu. Nikapitisha tochi: rangi imepasuka kuzunguka riveti, bati lina mikunjo kama kanga isiyopigwa pasi. Mwenyewe akaapa hajui lolote. Baadaye, akiwa ameinamisha uso, akasema ni wiki tatu zilizopita, na katikati hapo aliwapeleka wanawe Malindi. Nilimkasirikia kuliko nilivyopata kumkasirikia mteja yeyote. Hata chai yake sikunywa.

Halafu propela. Zipitishe ncha zake kidole, taratibu. Zikiwa zimekwaruzwa na lami, injini inafunguliwa yote, hata kama inanguruma vizuri. Ndiyo, ni pesa nyingi. Tutazungumza.

Kaka yako anasema mwenye ndege anaruka kesho saa mbili asubuhi. Mpigie usiku huu huu. Akifoka, mwache afoke, kisha mpe namba yangu. Saa kumi na mbili nitakuwa hapo langoni na tochi.

Baba yako