Mnamkata mtoto "but" bila kumwambia kwanini

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Mikindani. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni tangu Jumapili.

Mpwa wangu yuko form three, alikuja na daftari lake la Kiingereza tukakaa barazani. Nikakuta sentensi aliyotunga mwenyewe, "Although the price of cashewnuts was low, but my father sold all of them." Mwalimu kapitisha kalamu nyekundu juu ya "but", kaweka kosa, basi, hakuna neno lingine pembeni. Nikamuuliza ulielewa umekosea wapi? Akanambia, "Mjomba, nimeelewa but hairuhusiwi." Nikafunua kurasa zilizofuata na kweli, tangu siku ile hajaandika "but" hata moja, kila penye lakini kaweka "although", mpaka kaandika "My brother is tall although I am short." Yani kosa moja limezaa lingine kubwa zaidi na hili la pili hakuna aliyeliona.

Mimi nimefundisha Kiingereza sekondari miaka 11 kabla sijarudi kwenye mikorosho, kwahiyo simshambulii mwalimu, najua rundo la madaftari lilivyo saa nne usiku. Ila kosa la huyu mtoto lina mama yake na mama yake ni Kiswahili. Sisi tunasema "ingawa bei ilikuwa chini lakini baba aliuza" na hakuna anayeshtuka, ingawa inatangulia, lakini inapokea. Kiingereza kinataka neno moja tu kwa kazi hiyo. Ukianza na "although" unaweka koma unaendelea, ukitaka "but" basi "although" iondoke, na sentensi zote mbili ni sahihi kabisa. Maneno hayo yanachukua dakika mbili ubaoni na mtoto asingeogopa neno zima.

Na ile ya kaka mrefu nayo dawa yake iko hapahapa kwetu. Jaribu kusema "kaka yangu mrefu ingawa mimi mfupi", ulimi wenyewe unakataa, kwasababu ingawa inataka kitu ambacho hukukitegemea, bei iko chini na bado mtu kauza zote. Ufupi wangu hauzuii urefu wa kaka yangu. Pale tunaweka tu vitu viwili ubavu kwa ubavu, Kiswahili tunasema "wakati" au "ilhali", Kiingereza "while" au "whereas". Newala is on the plateau, whereas Mikindani is by the sea. Nilipompa hiyo akaielewa palepale maana Newala kwa bibi yake anaenda kila likizo na baridi yake anaijua.

Sasa njoo kwenye "despite", hapa ndo watoto wengi wanaumia kwenye lile swali la kuandika upya sentensi. Mtoto anaandika "despite of the rain" kwasababu kichwani ana "licha ya", ile "ya" anaitafutia pa kukaa, na kibaya zaidi kuna "in spite of" ambayo "of" yake ni halali. Sio ujinga jamani, hata Waingereza wenyewe zamani walikuwa wanasema "in despite of", baadae maneno ya pembeni yakadondoka ikabaki "despite" peke yake. Kosa lake la pili ni "despite it was raining". Lakini hakuna mtoto wa Mtwara atakayesema "licha ya mvua ilinyesha", atasema "licha ya mvua" au "licha ya mvua kunyesha", na akitaka sentensi nzima anahamia kwenye ingawa, "ingawa mvua ilinyesha". Kiingereza ni hivyohivyo, despite the rain, although it rained. Kanuni anayo tangu yuko mdogo, hajaonyeshwa tu kwamba anayo.

"However" ni hata hivyo yetu, weka nukta, anza sentensi mpya, halafu koma. The bus was late. However, we reached Masasi before dark. Watoto wanaichomeka katikati na koma moja kama vile ni "but".

Shida ninayoiona, na nilikuwa nayo mwenyewe enzi zangu, ni ile sheria ya Kiingereza tu. Mtoto kasoma miaka saba kwa Kiswahili, anaingia form one, mlangoni anaambiwa Kiswahili akiache nje, na mwalimu naye anaogopa kuandika neno "licha ya" ubaoni asije akaonekana hajui kazi. Basi watoto wanakariri tu, ukiambiwa anza na "in spite of" geuza kitenzi weka -ing, kwanini igeuke hawajui, swali likipinda kidogo wamepotea. Naomba wakuu wa shule za huku Mtwara na Lindi wawaruhusu walimu wa Kiingereza waweke Kiswahili ubaoni kwenye mada hii, hata kipindi kimoja tu, na naomba kifanyike kabla ya Oktoba maana form four wanafanya mtihani Novemba na huku kwetu huo ndo msimu, nusu ya darasa wako mashambani wanaokota korosho.

Mpwa wangu kabla hajaondoka aliandika upya ile ya kwanza, "Despite the low price, my father sold all of them." Chini yake kwa mkono wake akaongeza, "The price was low, but my father sold all of them." Nikampigia vema zote mbili.

Mjomba mtu,
Mikindani, Mtwara