Zuhura, usimhukumu ngege kwa tui la nazi

Entebbe, Ijumaa

Zuhura wangu,

Assalam alaikum. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, na mvua zimeanza. Nisalimie mama sana, na mwambie dua zake tunazihitaji.

Barua yako imenikaa moyoni. Umeandika kwamba samaki wa ziwani hana ladha, ananuka tope, na kwamba hujui namsifuje mimi niliyekula kwenu Mji wa Kale wa Mombasa nikashiba. Neno hilo sikutaka kulijibu kwa simu, kwa sababu samaki wa huku nampenda kweli, na nataka unielewe.

Haki ya kwenu naitoa kwanza. Samaki wa kupaka wa mama yako sijapata kuonja mfano wake: changu aliyechanjwa mbavuni, akapakwa tangawizi, thomu na pilipili, akachomwa juu ya mkaa mpaka ngozi ikakauka, kisha akamiminiwa tui zito lenye ukwaju. Pweza wa nazi naye, yule wa kupondwapondwa kwanza mpaka alainike! Hivyo huku sivitafuti. Pweza wanauzwa katika maduka makubwa ya Kampala, wamegandishwa, wamechoka na safari, nami huwapita. Bora nisile mpaka nifike Mombasa.

Lakini wewe ulipokuja huku ulipikiwa nini? Ngege, yaani sato wa ziwani, kwa tui la nazi, nyumbani kwa watu waliotaka kukufurahisha kwa chakula cha kwenu. Nazi zenyewe zilitoka pwani hukohuko, zikasafiri zaidi ya kilomita elfu moja. Ngege nyama yake ni nyeupe, laini, ina utamu wa chinichini. Ukimtia katika tui, utamu umeukuta utamu, wote wawili wamelala. Changu ana ukali wake wa bahari, ndiyo maana anasimama ndani ya nazi bila kupotea. Na hiyo harufu ya tope uliyoisikia ipo, sikukatalii. Inatoka kwa mwani na vijidudu vya maji yaliyotulia, nayo hukaa kwenye ngozi na mafuta ya samaki. Limau huipunguza sana. Tui halifanyi lolote juu yake, kama si kuibeba mpaka puani.

Kwetu huku pahali pa nazi pamekaliwa na karanga, na pahali pa bahari pamekaliwa na moshi. Ukishalijua hilo utakula Uganda nzima kwa raha.

Hebu nikueleze ninavyompika samaki wa moshi, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, humpasua mgongoni, wakamkunjua, wakamlaza juu ya chanja, na moto wa kuni chini yake hauwaki kwa pupa. Unafuka tu, mpaka nyama inakuwa ya kahawia na kukaza. Nikimleta nyumbani namlowesha kwa maji ya uvuguvugu, namwosha masizi, natoa miiba mikubwa. Karanga nachukua zile nyekundu, mbichi, zilizosagwa zikawa unga laini. Naukoroga na maji, nabandika kwenye moto mdogo, na hapo siondoki, kwa maana mchuzi wa karanga ukiupa mgongo unafura na kumwagika. Huufuniki. Unachemka polepole, unageuka rangi kuwa ya waridi iliyofifia, unaanza kutoa mafuta juu. Ndipo kitunguu na nyanya, ndipo samaki, ndipo chumvi. Bizari usiisogeze karibu! Moshi umeshafanya kazi yote, na viungo vya kwenu vitakuja kugombana nao. Matoke yamechemkia mvuke ndani ya majani ya mgomba, yamepondwa, yanangoja.

Siku ya wageni mchuzi huohuo na samaki wake hufungwa katika jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili lisipasuke, ukapikwa kwa mvuke. Waganda wanaita luwombo, na wanasimulia kwamba ulianza jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwishoni mwa karne ya 19. Jani lile linaacha harufu yake ndani ya karanga, na sijui kitu kingine kinachoweza kuileta.

Sasa nikwambie ni samaki gani bora kwa moshi, nawe usikunje uso: ni mamba. Simaanishi yule wa magego. Ni samaki mrefu, mnene, anayepanda juu kuvuta hewa kwa mapafu, na ziwa likikauka pembeni anajichimbia kwenye matope akangoja mvua. Nyama yake ni nzito, na moshi anaunywa kuliko samaki wote. Zamani wanawake wa Kiganda walikuwa hawamli, na mpaka leo watu wa ukoo wa Mmamba hawamgusi, ni mwiko wao. Jirani yangu ni wa ukoo huo. Akija kwangu napika kitu kingine, na sufuria niliyompikia mamba siitumii kwa chakula chake. Hivyo ndivyo tunavyoishi vizuri.

Kaskazini mambo yanabadilika. Shangazi yangu aliolewa Pakwach, karibu na pale Nile inapotoka Ziwa Albert, na kwake samaki mkubwa wa sifa ni angara. Ni mwembamba, mng'avu, ana miiba ya kumchosha mtu asiye na subira. Wanampasua, wanamtia chumvi, wanamwanika juani mpaka akaze, kisha wanampika kwa ufuta uliosagwa pamoja na karanga, wala si karanga peke yake. Ule ufuta una uchungu mdogo unaokata mafuta ya samaki. Unaliwa na ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito. Mimi niliyezoea matoke naukubali ugali ule kwa chakula hicho hata mara saba kwa wiki.

Hapohapo Pakwach nilijifunza kumheshimu sangara. Kule ni mwenyeji tangu zama, na maporomoko ya Murchison kwenye Nile ndiyo yaliyomzuia asipande mpaka Ziwa Victoria. Huku Ziwa Victoria ni mgeni aliyeletwa na watu katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amekwisha kuwameza nkejje, wale samaki wadogo wa kila rangi ambao wazee wa Buganda waliwakausha kwenye vijiti na kuwalisha watoto waliodhoofu. Nkejje bado wapo, lakini aina nyingi zimetoweka, na hilo linaniuma kila nikipita mwaloni. Minofu ya sangara inakwenda kiwandani, kisha Ulaya. Mabondo yake, vile vifuko vya hewa vya tumboni, yanakwenda Uchina kwa bei ambayo huwezi kuamini. Wakazi wa ufukweni wanabakiwa na kichwa na mgongo. Hata hivyo kichwa cha sangara, Zuhura, kikichemshwa kwa nyanya, kitunguu na pilipili moja nzima isiyopasuka, kinatoa supu nzito ya kumwinua mgonjwa. Na ukitaka kabisa kutumia nazi huku kwetu, itumie kwa sangara. Ana mafuta, anaweza kuibeba.

Mukene sitaandika mengi, kwa sababu nyinyi dagaa mnawajua. Wanavuliwa usiku kwa taa. Nitasema hili tu: nunua wale walioanikwa juu ya nyavu au vichanja, usinunue wa mchangani, vinginevyo utatafuna mchanga hata uoshe namna gani. Kaanga bila mafuta kwanza, osha kwa maji ya moto, ndipo upike. Inasikitisha kwamba wengi wao wanaishia kwenye chakula cha kuku wakati watoto wa watu wanakosa kitoweo.

Basi ukija Desemba, inshallah, tutafanya hivi. Siku ya kwanza nakupeleka ufukweni tule ngege mzima wa kukaanga: aliyetoka majini asubuhi hiyohiyo, akachanjwa, akalazwa kwenye chumvi na limau, akazamishwa katika mafuta mengi mpaka mapezi yanavunjika mdomoni. Muhogo wa kukaanga pembeni, kachumbari, na mikono yetu. Tope hutalisikia. Siku ya pili mamba wa moshi kwa karanga. Ukishindwa naye nitakuachia, sitakulazimisha, ila uonje kwanza.

Nazi usibebe. Ukwaju pia usibebe, unaota kaskazini na shangazi ananiletea. Nakuomba kitu kimoja: uniletee ng'onda wa nguru, aliyekauka sawasawa, umfunge vizuri kwenye karatasi na mfuko ili abiria wenzako wasilalamike njia nzima. Nataka kumpika kwa karanga nyekundu, bila nazi, bila bizari. Jua na chumvi vimeshamkaza kama moshi unavyomkaza mamba, na naona kabisa atapatana na karanga. Mwulize mama kama amewahi kumpika hivyo, na nguru huyo aloweshwe muda gani kabla ya kuingia chunguni.

Nijibu upesi.

Wako akupendaye,
Halima